Mgeni wa Mama

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Dodoma kwa siku tatu. Siku ya mwisho semina iliisha mapema, nikamwambia dereva wa bajaji anipeleke Area D. Sikuwa na mtu wa kumwona huko. Nilitaka tu kupita mbele ya nyumba tuliyoishi nilipokuwa mtoto. Niliipita mara mbili bila kuitambua, maana wamejenga ukuta mrefu na kuweka geti jeusi, na pale ilipokuwa kamba yetu ya kuanikia nguo pamesimama vyumba vya kupangisha. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia nimekosea nyumba, nikarudi kwenye bajaji. Dereva alikuwa hata hajazima injini.

Nilitegemea kusikia kitu moyoni. Watu husema ukirudi ulikokulia moyo unakupasuka. Wangu ulikaa kimya kabisa, na kimya kile nilikifahamu, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho mwaka tuliompokea mgeni. Basi kaa nikusimulie. Sijawahi kulisimulia jambo hili lote kwa mara moja.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita. Baba alikuwa karani katika ofisi ya serikali, mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka minne. Shule ya mama ilikuwa na urafiki na shule moja ya Norwe, na walikuwa wakibadilishana wanafunzi: mmoja wao anakuja kusoma kwetu kwa muhula, na mmoja wetu anakwenda kwao. Walimu walipokezana kuwakaribisha majumbani. Mwaka ule mama aliomba zamu iwe yake. Akatutangazia mezani kwamba mwezi wa saba tutapata dada mkubwa, na kwamba wahenga hawakukosea kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Nikamuuliza huyo mwenyeji anaumwa nini. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaishia, mama akashikwa na homa. Siku ya nne akafariki.

Sitakuelezea msiba, maana misiba unaijua. Nitakwambia tu kwamba kuanzia siku ile nilikufa ganzi. Watu walilia, mimi nikawapelekea maji ya kunywa. Walinipa pole, nikajibu asante. Nilirudi shuleni, nikapata alama zilezile nilizokuwa nikipata. Jirani yetu, mama mmoja wa Kondoa aliyekuwa akishona nguo barazani kwake, alinisifu kwa bibi kwamba huyu mtoto amejaliwa moyo mgumu. Bibi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kuchambua karanga.

Huyo bibi ndiye aliyemzaa mama. Alitoka Mvumi kuja kuzika mwanawe, na matanga yalipoisha hakurudi. Siku moja alikwenda kwake asubuhi, akarudi na basi la mchana akiwa na gunia la karanga, mfuko wa mlenda mkavu na kuku watano waliofungwa miguu. Hakuna aliyemuuliza atakaa mpaka lini. Nyumba ikaanza kunuka moshi wa kuni, kwa sababu bibi hakuuamini mkaa, na alfajiri tukawa tunaamshwa na jogoo badala ya redio ya mama.

Kulikuwa na jambo moja. Kwa desturi za kwao, bibi na baba wasingeweza kuzungumza ana kwa ana, maana mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mama alipokuwa hai, maneno yao yalipitia kwake. Sasa yakawa yanapitia kwangu. Baba akiwa sebuleni na bibi akiwa jikoni, ukuta mmoja katikati yao, baba aliniita akaniambia nimuulize bibi kama chumvi ipo. Bibi, aliyekuwa ameshasikia, alisubiri nifike, nimuulize, ndipo aniambie nikamwambie baba kwamba ipo. Nilifanya kazi hiyo bila kuchoka wala kuifurahia, kama mtu anayebeba maji.

Mwezi wa sita alikuja mwalimu mwenzake mama, yule aliyekuwa akiratibu mambo ya wageni. Akamwambia baba kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, ipo familia nyingine iliyo tayari kumpokea yule msichana. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akasema atafikia hapahapa. Mwalimu akasema basi atamwandikia kumjulisha habari za msiba. Baba akamwomba amwachie, atamwandikia mwenyewe. Nilikuwa nimeshika sinia la chai, na nilisikia yote mawili.

Mwalimu alipoondoka, bibi akaniita jikoni.

"Kamwambie baba yako nyumba yenye msiba haialiki wageni."

Nikaenda nikamwambia. Baba alikuwa anafungua kamba za viatu. Aliendelea kuzifungua mpaka kiatu cha pili.

"Mwambie bibi hatujaalika sisi. Amealika mwanawe."

Sikuhitaji kurudi jikoni, maana bibi alikuwa amesikia, lakini nilirudi nikamwambia hivyohivyo. Kesho yake asubuhi nikamkuta ametoa magodoro yote juani na anayapiga kwa fimbo.

Nyuma ya mlango wa jiko mama alikuwa amebandika karatasi ya daftari yenye mambo ya kufanya kabla mgeni hajafika. Aliiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima. Baba akaanza kuifuata neno kwa neno. Kila jioni akitoka kazini alisimama mbele ya ule mlango kama mwanafunzi anayesoma ratiba ya mtihani. Jambo la kwanza lilikuwa choo, kwa sababu mama alisema mtoto wa watu hataweza kuchuchumaa. Baba akamleta fundi. Fundi akavunja sakafu ya choo chetu siku ya Jumanne, Jumatano akaenda kuzika kwao, na hatukumwona tena kwa siku kumi. Kwa siku zote hizo tulijisaidia kwa jirani. Mapema asubuhi tulitoka mmoja mmoja na kopo la maji mkononi, baba akiwa ameshavaa tai, tukavuka uchochoro kwenye upepo ule mkali wa Dodoma wa mwezi wa saba unaorusha vumbi mpaka ndani ya meno. Jirani alikuwa anatukuta mlangoni na kutuuliza habari za asubuhi kana kwamba tumekuja kunywa chai.

Maji nayo yalikuwa ya mgao. Yalitoka mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa mbili hivi, na hukujua yatatoka asubuhi au mchana, kwa hiyo bomba la uani liliachwa wazi na beseni la bati chini yake. Likianza kulia, aliyekuwa nyumbani alitupa kila kitu akakimbilia madumu. Fundi aliporudi, siku yake ya kwanza tu akapiga sururu kwenye bomba. Maji ya wiki nzima yakamwagika kwenye shimo la choo huku sisi tukiyatazama. Baba alisimama ukingoni na suruali yake ya kazini. Hakugomba. Alimwambia fundi pole, kama vile fundi ndiye aliyefiwa.

Kwa ajili ya mapazia mama alikuwa amenunua kitambaa cha maua ya bluu, akashona pazia moja, na la pili likabaki chini ya sindano ya cherehani limefika nusu. Hakuna aliyeligusa tangu mwezi wa nne. Jirani ndiye aliyekuja siku moja, akaliondoa, akaenda nalo kwake, na jioni akalirudisha limekamilika. Hakuwa na uzi wa bluu, kwa hiyo nusu ya upindo ilikuwa ya bluu na nusu nyeupe. Tukaning'iniza mapazia yote mawili. Niliangalia pale uzi ulipobadilika, nikajua kwamba hapo napaswa kulia. Nikasubiri. Kilio hakikuja, nikaenda kuosha vyombo.

Chumba cha mgeni kilikuwa chetu, mimi na mdogo wangu, tukiongezewa kitanda kimoja. Lakini chini ya kitanda changu kuku mmoja wa bibi alikuwa ameatamia kwenye boksi la viatu. Baba alinituma nimwombe bibi amhamishe. Bibi akasema kuku anayeatamia hahamishwi, mayai yataharibika. Nikapeleka jibu. Baba akafikiri, akasema basi mgeni atalala naye. Mdogo wangu naye alikuwa amerudia kukojoa kitandani, kila siku godoro lake lilikuwa ukutani linakauka. Alikuwa na furaha ambayo hatukuielewa. Aliimba huku na huko kwamba mgeni wa mama anakuja, mgeni wa mama anakuja, na sisi tukamwacha aimbe.

Kwenye ile karatasi kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyejua maana yake. Mwisho kabisa mama aliandika: kuongea na bibi. Kuongea naye nini, hatukujua. Baba alitia alama ya vyema kwenye kila kitu alichomaliza, na hapo akaacha wazi.

Mgeni alifika siku ya Jumamosi, saa sita mchana, akiletwa na dereva wa shule. Choo kilikuwa kimekamilika jana yake, ingawa saruji ilikuwa bado mbichi na tulikatazwa kukikalia. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Sote tulijipanga barazani: baba na shati lililopigwa pasi ya mkaa, bibi kwenye kigoda upande wa pili amejigeuza kidogo asimtazame mkwewe, mimi katikati. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na saba, nywele kama majani makavu, na begi kubwa mgongoni lililokuwa likimvuta nyuma. Mdogo wangu alimkimbilia. Nilidhani anamkimbilia yeye. Kumbe alimpita, akachungulia ndani ya gari kiti cha mbele, kisha cha nyuma, kisha akazunguka na kutazama upande wa pili. Halafu akasimama tu pale, mkono juu ya tairi.

Mgeni alipiga goti kidogo mbele ya bibi, akasema shikamoo, akaitikiwa. Akamwamkia baba. Akatamka jina langu bila kuambiwa, akaninyooshea mkono. Mkono wa kushoto alishika kifurushi kilichofungwa kwa karatasi nyekundu. Akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu, akasema polepole, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyejifunza kwa bidii:

"Na mama yuko wapi? Nina zawadi yake."

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba hakuandika.

Baba akashuka ngazi, akaenda kwenye gari kuchukua mzigo mwingine ambao haukuwepo. Bibi hakumtazama. Alinitazama mimi, kama alivyokuwa akinitazama kila siku akiwa na neno la kupeleka upande wa pili. Ndipo nikagundua kwamba tangu mwezi wa nne sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Wote waliotuzunguka walijua. Wao ndio waliokuwa wakija kwangu na pole zao, mimi nikiitikia.

"Mama amefariki," nikasema. "Mwezi wa nne."

Aliendelea kutabasamu. Niliona anatafuta kichwani na hapati. Alirudia neno lile taratibu, amefariki, kama anayeuliza ni mji gani. Hakulijua. Basi ilinibidi nitumie lile lingine, lile ambalo kwetu halisemwi kwa mtu, ambalo tunalitumia kwa mbuzi na kwa taa.

"Mama amekufa."

Hilo alilijua. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, begi likiwa bado mgongoni, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Bibi akainuka kwenye kigoda chake, akajikongoja, akaketi naye chini, akaanza kumfungua mikanda ya begi huku akimsemesha Kigogo, ambacho yule binti hakukielewa hata neno. Baba alisimama karibu na gari mikono mitupu. Mimi niliangalia viatu vya mgeni jinsi vilivyokuwa vimeshakuwa vyekundu kwa udongo wetu. Nilimwonea wivu. Alimfahamu mama yangu kwa karatasi tu, na machozi yalimtoka bila kuyaita.

Uani beseni likaanza kulia. Maji yalikuwa yanatoka. Nikawaacha wote nikaenda kukinga.

Tulikula saa tisa, kwa sababu ya kuni mbichi. Tuliketi tukisubiri ugali, macho ya mgeni yakiwa yamevimba. Bibi alinituma nimwambie mgeni amsamehe kwa kuchelewesha chakula. Nikamwambia. Mgeni akatikisa kichwa, akasema:

"Bado mapema, jua lenyewe halijaomba ruhusa."

Bibi akasimama na mwiko mkononi. Baba akainua kichwa. Hayo yalikuwa maneno ya mama. Sijayasikia kwa mtu mwingine, kabla wala baadaye. Aliyasema basi likichelewa, mkaa ukigoma kuwaka, sisi tukilalamika njaa, na aliyasema na mkazo uleule kwenye neno jua. Bibi akamuuliza mgeni moja kwa moja ni nani aliyemfundisha. Msichana akaenda chumbani, akarudi na bahasha kumi na kitu zilizofungwa kwa utepe. Kwa karibu mwaka mzima mama alikuwa akimwandikia kwa Kiswahili, polepole, sentensi fupi fupi, akimfundisha. Sisi hatukujua. Kiswahili chote alichokuwa nacho mgeni yule kilitoka kwa mama, na ndiyo maana hakuwa na neno la kifo la heshima. Mama hakuwa na sababu ya kumfundisha.

Alitusomea barua moja. Ilisema: binti yangu mkubwa hapendi kusemeshwa asubuhi, msubiri anywe chai. Ilisema: mdogo atakuibia soksi. Ilisema: mama yangu mzazi anaishi Mvumi peke yake na ni mkaidi, lakini nikipata nafasi nitaongea naye ahamie kwetu. Bibi aliposikia hapo alijifunika uso kwa kanga. Baba akainuka mezani, akatoka, akaenda nyuma ya tanki bovu la maji lililokuwa uani. Tulimsikia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Bibi aliinuka akamfuata, akasimama upande wa pili wa tanki, mahali asipoweza kuonekana, na nikamsikia anasema:

"Lia, mwanangu. Nami nipo."

Alisema mwenyewe, bila kunituma. Mimi nilibaki mezani nikamaliza ugali wangu, kwa sababu ulikuwa unapoa.

Mgeni alikaa muhula mzima. Alilala na yule kuku, vifaranga vikaanguliwa chini ya vitanda vyetu, tukavikuta asubuhi ndani ya kiatu chake. Alijifunza kusonga ugali, vibaya. Alizoea kupanga foleni ya kuoga kwa ndoo nusu. Mdogo wangu alimwibia soksi zote. Baba na bibi hawakuzungumza tena hadharani, lakini siku nyingine nilikuta mwiko ulionipa kazi umelegea: baba alisema neno hewani akiwa barazani, na bibi akalijibu hewani akiwa jikoni, na hakuna aliyeniita. Zabibu zilianza kuuzwa barabarani, mgeni akawa anazila mpaka midomo inabadilika rangi. Nadhani ulikuwa muhula mzuri. Nausimulia hivyo kwa sababu najua yaliyotokea, si kwa sababu nilivisikia vitu hivyo vilipokuwa vinatokea.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilimuuliza baba kwa nini hakumwandikia yule binti. Akasema alianza mara nyingi. Alisalimia, akauliza hali, akaeleza hali ya hewa ya Dodoma, na kila alipofika pale, kalamu ilisimama. Akaniambia pia kwamba alinisikia niliposema lile neno siku ile, na kwamba hajawahi kunishukuru. Nikamwambia hakuna shida. Kufikia wakati huo bibi alikuwa ameshazikwa Mvumi, na nyumba ya Area D tulikuwa tumeshamrudishia mwenyewe. Karatasi ya nyuma ya mlango sijui iliishia wapi. Redio, cherehani, lile boksi, vyote vilikwenda vinakokwenda vitu vya watu wanaohama. Hata sauti ya mama imenitoka. Nikijaribu kuikumbuka, inakuja na matamshi ya mtu wa Norwe.

Kuna kimoja tu ninachokifikiria. Siku ya kuondoka, gari la shule likiwa limeshafika, mgeni aliniita chumbani, akanishika mkono, akanipa zile bahasha zote na utepe wake. Akasema ni zangu, zinapaswa kubaki hapa. Nilizishika kidogo. Mwandiko ule wima ulikuwa juu ya bahasha, jina la mji nisioujua, stempu yenye twiga. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwa nahisi chochote, na nilidhani itakuwa hivyo maisha yangu yote, kwa hiyo sikuona sababu ya kuzihifadhi. Nikamrudishia. Nikamwambia zimeandikwa kwake, si kwangu. Alisita, akanitazama, akazipanga tena ndani ya begi katikati ya nguo.

Tuliandikiana miaka miwili au mitatu, kisha barua zikaacha kujibiwa, sikumbuki ni upande gani ulioanza. Mama yangu yupo huko, ndani ya droo ya mtu au jalala la watu, katika nchi ya theluji nisiyoijua, akieleza kwa sentensi fupi mimi ni mtu wa namna gani. Nami nakumbuka vizuri sana sauti yangu nilipomrudishia zile bahasha, tulivu, ya mtoto aliyelelewa vyema, kama vile ameongezewa chai na yeye ameshashiba: "Hapana, dada. Asante."